Kura Uliyopiga, Nana

Nana yangu, baba wa mama yangu,

Kitabu chako kimetoka. Nakuandikia kwenye meza yako hapa Pickering, nje kidogo ya Toronto, na natamani ungekuwepo unisahihishe sentensi, kama ilivyokuwa kawaida yako.

Utotoni nilipenda unisimulie habari za jela. Ulikuwa kijana huko Gujarat, India, umekamatwa kwa kubandika matangazo ya kumtaka Mwingereza aondoke, ukafungwa bila kufikishwa mahakamani. "Kutojua utatoka lini, mwanangu, hiyo inamla mtu," ulikuwa ukisema. Ulipotoka ukavuka bahari, ukafungua duka la vitambaa kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, ukaanza upya: uhuru mwingine, Mwingereza yuleyule. Ndipo ukakutana na Salehe, kiongozi wa makuli wa bandarini. Mlihutubia kwenye jukwaa moja, yeye akikusaidia pale Kiswahili chako kilipokwama. Mama anasema mlikuwa mkila sahani moja.

Uhuru ukaja. Ukaingia bungeni, kisha ukawa waziri. Salehe akabaki na makuli wake, akaongoza mgomo. Ukaletwa muswada wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi, nawe, Nana, ukanyoosha mkono kuupitisha. Salehe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukuliwa.

Vitabu ulivyoandika juu ya jela yako vinasifiwa hadi leo, lakini vyote vinaishia siku bendera ilipopandishwa. Nilikuwa mtu mzima, nasi tumeshahamia Kanada, nilipokuuliza kwa nini. Ukanieleza yote, kisha ukasema, "Salehe yuko hapahapa Toronto. Anaishi Mount Dennis kwa binti yake. Nimejua miaka mingi."

"Na hujaenda?"

"Nitamwambia nini?"

Ulipokubali nikupeleke, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Ulivaa suti yako ya bungeni, ikakupwaya. Binti yake, Mwanaidi, alifungua mlango, akakutazama, akakuamkia "shikamoo" kabla hujajitambulisha. Alikujua kwa picha. Kisha akakwambia baba yake alifariki kabla ya baridi kuisha.

Ulikaa kwenye kochi lao, kikombe cha chai mkononi. "Nisamehe, mwanangu."

"Siwezi, mzee. Msamaha si wangu, ni wake. Naye alikungoja. Kila Idi alisema, Mhindi wangu leo atakuja." Akakupangusa chai iliyokumwagikia. "Andika. Wewe si mwandishi?"

Uliandika mpaka vidole vikagoma, ukawa unasema nami naandika. Hukujitetea hata mstari mmoja. Ulipofariki, Mjomba alitaka sura ya Salehe iondolewe kitabuni. "Tumwaibishe marehemu?" aliuliza. Nikamjibu kwamba marehemu ndiye aliyeiandika. Tangu hapo hasemi nami.

Ile kura, Nana, najaribu kuielewa. Nchi ilikuwa changa, nanyi mlikuwa na hofu. Ninachoshindwa kumeza ni miaka ya hapa. Wazee wawili, mji mmoja, baridi ileile inawatafuna mifupa, na hamkuwa na mtu mwingine wa kukumbuka naye siku zile za jukwaani. Laiti ningekuuliza mapema. Laiti ungekwenda hata ukafukuzwa mlangoni.

Siku ya kukitambulisha kitabu, kwenye ukumbi wa maktaba, viti vya familia yetu vilikuwa vitupu. Mwanaidi alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali, bado amevaa sare yake ya uuguzi. Nilisoma sura ile. Watu wakapiga makofi, yeye hakupiga.

Baadaye akanifuata. "Amechelewa," alisema. "Lakini amesema kweli."

Akanipa nakala yake niitie sahihi. Nikashika kalamu. Nikaandika jina la Salehe, na chini yake lako.

Pumzika, Nana. Na huko uliko, ukimwona, usingoje akuite. Mwanze wewe kwa salamu.

Mjukuu wako