Wazee Wawili Wanagawana Dawa za Moyo, Nami Nimeapa Kunyamaza

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe maana siri hii imenielemea. Mimi ni fundi cherehani, naishi na baba mkwe wangu, mgonjwa wa moyo, mzee aliyenipokea kama binti yake wa kumzaa, na yeye na rafiki yake kinyozi, naye mgonjwa wa moyo, waliingia kwenye utafiti hospitalini wa kulinganisha dawa mbili, nani apewe ipi inaamuliwa kwa kura ya bahati nasibu, basi wakaangukia makundi tofauti, kumbe kinyozi akaanza kupanda ngazi bila kuhema, baba mkwe akanuna, "Mwenzangu kapewa dawa, mimi nimepewa chaki," na juzi nampelekea kinyozi koti lake dukani nikawakuta wamemwaga vidonge kwenye trei ya viwembe, wanagawana nusu kwa nusu! Baba akanishika mkono, "Mwanangu, usituponze, wakijua watatufukuza," nikaapa, lakini sasa akisimama anapata kizunguzungu, jana kashika ukuta, nikisema nimemsaliti, nikinyamaza nitamzika, nifanyeje?

Fundi Niliyebanwa

Binti yangu, pole sana, lakini umenikasirisha. Mtu anashika ukuta, wewe umekaa unaliandikia gazeti?

Kuchanganya dawa za moyo bila daktari kunaweza kushusha presha mpaka mtu aanguke. Hiyo chaki anayoisema pengine ndiyo dawa bora, nani ajuaye? Wazee wako wanadhani daktari anajua iliyo bora na anawaficha. Hajui! Angejua asingehangaika kuwapima watu wote hao. Jibu litatoka kwa wagonjwa wengi, si kwa kinyozi mmoja na ngazi zake. Na wakichanganya, watampotosha daktari, kesho mgonjwa mwingine apewe dawa isiyomfaa.

Kuhusu kufukuzwa, utafiti wa halali mtu anaingia kwa hiari yake, na hata akitoka anaendelea kutibiwa. Kizunguzungu cha namna hii mara nyingi kinarekebishika kikiwahiwa.

Kwa hiyo zima cherehani sasa hivi. Wachukue wote wawili, pamoja na vidonge vyao, nenda kwa daktari, na useme kila kitu mbele yao, si nyuma ya migongo yao. Baba mkwe atanuna njia nzima. Mwache anune, mama, anayenuna anapumua.