Mnunuzi Wangu wa Suam

Jumamosi, Kitale. Mvua ilianza saa nane na mpaka sasa jioni haijakatika. Nimerudi kutoka Bungoma viatu vimejaa matope, na roho yangu nayo haijatulia.

Nina wivu. Wacha niandike hivyo kabla sijaanza kujipamba.

Ninamwonea wivu Nekesa. Tulianza pamoja hapa Kitale, tukichora mabango ya vinyozi na maduka ya dawa za mifugo, brashi tukiazimana. Sasa ana chumba chake cha kuchorea kule Kanduyi, na miezi mitatu iliyopita aliuza picha moja, mzee aliyevaa koti la mvua, kwa laki nne. Laki nne! Aliyeinunua hajulikani, na Nekesa mwenyewe hasemi. Tangu siku hiyo nikiona koti la mvua nasaga meno.

Leo chama chetu cha wachoraji kilikutana Bungoma kujadili kanuni mpya: ukiuza picha kwa zaidi ya laki moja, uandike jina la mnunuzi na pesa zake zimetoka wapi. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikasema picha haina bei ya soko kama gunia la mahindi. Leo ni elfu kumi, kesho laki nne, na hakuna wa kuuliza. Mwizi wa mali ya umma anaweza kuzitundika pesa zake zote sebuleni, na sisi tukamwita mpenda sanaa. Watu wakanipigia makofi.

Bado naamini kila neno. Lakini niliyasema nikimtazama Nekesa, nikitaka akose pa kuweka macho.

Akasimama, wala hakukasirika. "Mimi siwezi andika jina ya huyo mtu," alisema. "Akitajwa, kuna watu wa kwao watamsumbua. Nilimuahidi."

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado anatuona wanafunzi, akatoa fomu za majaribio. "Haya, Kamau, si wewe ndio unaipenda hii kanuni? Tuanze na wewe. Ile ya mahindi uliuzia nani?"

Nikaipokea fomu.

Kwenye maonyesho yetu, picha iliyouzwa hubandikwa stika nyekundu pembeni. Wiki mbili baada ya Nekesa kuuza yake, tulikuwa na maonyesho hapa Kitale, na zangu zote hazikuwa na stika hata moja. Sikuvumilia. Nilienda duka la vitabu, nikanunua stika, nikabandika moja kwenye picha yangu kubwa kuliko zote, ya akina mama wakipukuchua mahindi. Nikawaambia watu imechukuliwa na mfanyabiashara aliyevuka mpaka pale Suam, kwa laki moja na nusu.

Picha iko hapa, nyuma ya kabati, imegeuziwa ukuta.

Ningesema ukweli pale pale mkutanoni, wangecheka siku moja na yangeisha. Badala yake nilichukua kalamu nikaandika jina la mtu ambaye hayupo. Kazi yake, biashara ya vitunguu. Pesa zake, za vitunguu. Nikatia sahihi.

Mwenyekiti akainua fomu yangu juu. "Mnaona? Huyu bana ndiye mfano. Hana kitu ya kuficha."

Nekesa naye alipiga makofi.

Nilikuwa sijafika nyumbani ujumbe wake ulipoingia. Naunakili kama ulivyo: "Kamau, sikutaka kusema mbele ya watu. Nilipopata ile pesa nilikuja maonyesho ya Kitale nikitaka kununua hiyo yako ya mahindi. Huyo mama wa katikati anafanana na mama yangu. Nikapata ati imeshauzwa. Si uulize huyo mtu wa Suam kama anaweza niuzia? Nitamuongezea."

Hafanani naye tu. Ni yeye. Mama Nekesa alitulisha miezi ile yote tuliyokosa kazi ya mabango, na nilipotaka kuchora mikono inayojua mahindi, ni yake iliyonijia. Sikuwahi kumwambia Nekesa. Nilikuwa nimenuna.

Nimeitoa picha nyuma ya kabati. Nimejaribu kuibandua ile stika, imeng'oka na rangi kidogo ya kona. Hilo nitalirekebisha.

Na wivu bado upo, nisijidanganye. Jioni hii namwonea wivu kwa sababu alishika pesa kwa mara ya kwanza maishani akafikiria kununua kazi yangu, na mimi nisingefikiria kununua yake.

Kesho nitampigia kabla hajaenda kanisani. Sentensi ya kwanza ninayo: Nekesa, hakuna mtu wa Suam.

Ya pili sijaipata.