Kibehewa Kisicho na Maandishi

Tabora, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli

Kwa mkwe wangu Mwajuma, Gwata.

Shikamoo yako nimeipata kwa mdomo wa muuza mikeka, marahaba. Lakini kwa nini iletwe kwa mdomo wa mtu? Mimi niliyeishia chuo cha Kurani naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu. Wewe uliyesoma skuli unashindwa na nini? Haya. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mihogo umeipalilia, au umewaachia ngiri? Mimi mzima, ila maji ya huku hayana ladha.

Mumeo, niliyemfuata huku kumuuguza, homa imemwacha, lakini mkono wa kulia unatetemeka. Nawe unajua kazi yake ni kuandika herufi na nambari kwenye mabehewa. Bwana mkubwa wa karakana akamwita, akamkabidhi sanduku la vibehewa vya kuchezea vilivyotoka Ulaya, urefu wa kiganja. Mtu mzima na ndevu zake, anacheza na vigari! Akasema, "Rajabu, futa maandishi ya kiwandani, rangi isiguswe. Kisha andika ya reli yetu. Nikiridhika, utabaki kazini."

Rajabu akatoka kutafuta spiriti. Nikasema moyoni, mwanangu mgonjwa, ngoja nimsaidie. Nilikuwa na makumbi yangu ya nazi niliyotoka nayo Kisarawe, maana huku hawajui kusugua vyombo. Nikachota jivu, nikakaa kwenye kigoda, nikasugua kibehewa cha kwanza kama ninavyosugua sufuria za harusi. Maandishi yakatoka. Rangi nayo ikatoka. Bati likang'aa mpaka nikajiona uso. Nikaanika juani, nikajisifu.

Rajabu aliporudi alikiokota, akakigeuzageuza.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefuta. Si umeambiwa ufute?"

"Nimeambiwa nifute maandishi, mama. Wewe umefuta behewa zima."

Akacheka. Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia yake. Sikumpa pole. Nilimwambia, "Inuka, nionyeshe inavyofanywa."

Unafunga kitambaa laini kidoleni, unachovya kwenye spiriti ile ya kuwashia taa ya karabai, unagusa herufi, unazungusha, unaacha, unapangusa. Ukikaza, rangi inachubuka. "Kama unavyomtoa mtoto tongotongo, mama." Basi si angesema hivyo tangu mwanzo! Kidole chake kilikuwa kinarukaruka, kwa hiyo nikafuta mimi vyote vilivyobaki. Rangi haikupata mkwaruzo. Macho yaliniuma, nikaendelea.

Lakini kuandika sikuweza kumwandikia. Alishika brashi kwa mkono wa kulia, akaubana kwa wa kushoto, akaandika. Herufi zilijikunja kama zinaona baridi.

Sanduku nilibeba mimi. Bwana alivitazama kimoja kimoja, kile cha bati akakiweka kando. Rajabu akamwambia ukweli, kwamba aliyefuta ni mama yake. Yule bwana akanigeukia, akasema kwa upole, "Mama, umefuta vizuri sana." Maandishi ya mwanangu hakuyasifu, nami nikajua kazi imekwisha.

Basi tunarudi. Tutashukia stesheni ya Soga. Sikiliza, na usinibishie. Usilie stesheni. Usimpokonye mzigo wake. Watu wa Kongowe wakikuuliza, waambie ni homa, basi. Chai mtilie nusu kikombe, usimjazie, maana akiimwaga mbele ya wanawe atainuka na hatakula tena siku hiyo. Namjua, nimemzaa mimi.

Nisalimie kaka yangu Kisarawe, mwambie miguu yangu bado inanibeba. Msalimie na mama yako, na mwalimu wa chuo, akusomee barua hii kama utajifanya huoni.

Nilitaka kufunga, nimekumbuka jambo. Kile kibehewa cha bati kilitupwa, nikakiokota. Jana nilimkuta Rajabu amekishika, anaandika juu yake kwa kipande cha mkaa, anafuta kwa dole gumba, anaandika tena. Nikamwuliza anaandika nini. Akasema, "Jina la mama watoto. Halijanyooka."

Nimemkataza asilifute. Tunakuja nalo hivyo hivyo.

Mimi, bibi wa wanao,
Binti Shomari