Majaribio Yaliyokwisha Kabla Maji Hayajachemka

Juu kwa fundi viatu,
Ghorofa ya pili, mlango wa nyuma.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo wote hapo? Goti je, linapanda ngazi au bado linakugomea? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mnasaga unga? Mimi mzima, meno yangu yote ninayo isipokuwa lile unalolijua, na mwanao naye ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili. Hebu kaa chini ndiyo uendelee kusoma, maana nina jambo limenikosesha hata hamu ya umbeya, na mimi nikikosa hamu ya umbeya wewe unajua maji yamefika shingoni.

Usishtuke. Mwanao hajafa, hajaolewa, hajafukuzwa kazi. Ila tangu Jumatano hali chakula, na mimi mwenyewe simu ikilia naipa mgongo.

Nianze mwanzo. Ile ofisi yao, ambayo mimi napiga deki na kupika chai, kuna watu sita tu. Wanatengeneza programu ya kompyuta ya wodi ya watoto, kwenye hospitali kubwa ya hapa. Sista anaandika uzito wa mtoto, programu inamwambia aweke dawa kiasi gani kwenye dripu. Kazi ya mwanao ni kuijaribu kabla haijapelekwa. Anafungua kidirisha cheusi kisicho na picha wala urembo wowote, anaandika amri mstari mmoja, anabonyeza, basi mashine inaanza kujijaribu yenyewe: mtoto wa kilo mbili, mtoto wa kilo tatu, sista aliyesahau kuandika uzito, mpaka majaribio mia nne na kumi na mbili. Likifaulu linatoka mstari wa kijani. Likifeli, mwekundu kama ulimi wa mgonjwa.

Sasa hayo majaribio yana muda wake. Akibonyeza, mimi naweka birika. Maji yakichemka majaribio yamefika nusu, watu wakimaliza kikombe cha pili nayo yamekwisha. Ndiyo desturi ya pale, wenyewe wanaiita chai ya majaribio. Na hapo ndipo mimi napata riziki yangu ya habari: nani kamwacha nani, nani kanenepa, bosi kagombana na mkewe kwa sababu gani. Huyo bosi tunamwita Mikanda, kwa vile anavyovuta suruali na mikanda ya mabegani kama mtoto wa ubatizo.

Mwishoni mwa mwezi uliopita jaribio moja likaanza ukorofi. Mwanao akilifanya kwenye dirisha lake la kawaida, lile lenye vitufe, kijani. Akilifanya kwa amri kwenye kile kidirisha cheusi, jekundu. Mashine ileile, jaribio lilelile! Akahangaika nalo siku mbili, mpaka nywele zikawa kama fagio langu. Akaona asisubiri yote mia nne kila mara, akaandika kwenye ile amri jina la hilo jaribio moja, kwamba mashine ifanye hilo tu. Amri yenyewe aliihifadhi, asiiandike upya kila siku.

Siku ya tatu, kijani. Mikanda akapiga makofi: "Huyu binti ni fundi! Leo hii toleo jipya liende hospitali!" Mwanao akaniambia baadaye, kwa mdomo wake, kwamba hakujua alichokitengeneza. Alidhani mwenzake Kipara karekebisha kitu. Lakini sifa dada, sifa ni tamu, naye akanyamaza akazipokea.

Basi tangu siku hiyo mimi sikuwa na raha. Usidhani nina akili, mimi shule niliiona kwa mgongo. Kilichoniudhi ni chai! Naweka birika, nageuka nichukue vikombe, mtu anasema "imekwisha," kila mmoja karudi kwenye kiti chake. Siku tisa sikupata habari hata moja ya maana. Jumatano nikamwambia mwanao nikimpangusia meza, "Mwanangu, hii mashine yenu siku hizi inaogopa umbeya wangu nini? Zamani ilikuwa inangoja tunywe. Sasa hata maji hayajachemka ishakimbia."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Aliniangalia, akaangalia kidirisha, akapandisha maandishi juu kwa kidole, taratibu.

"Mama mdogo," akasema, "funga mlango."

Dada, mashine ilikuwa haijaribu kitu. Hata kimoja. Kipara alikuwa anasafisha kazi yake, akalibadilisha jina lile jaribio korofi bila kumwambia mtu. Mashine ikaambiwa itafute jina la zamani, ikatafuta, ikakosa, ikafanya majaribio sifuri, na kwa kuwa hakuna lililofeli ikatoa kijani. Ni kama mwalimu aingie darasani hamna mtu, aulize, "Nani hajaelewa?" Kimya. Akaandike kwenye daftari lake, wote wameelewa. Na sifuri ilikuwa imeandikwa pale chini kila siku, lakini nani anasoma chini wakati juu kumeshakuwa kijani?

Akalifuta lile jina kwenye amri, akabonyeza upya. Birika likachemka, likazima. Sikumimina. Tulisimama pale wawili tunaangalia mistari inashuka kijani, kijani, kijani, mimi naomba kimoyomoyo. Halafu ukatoka mwekundu. Jaribio lilelile.

Ndipo akaitafuta sababu kwa kweli. Akaipata kabla ya mchana. Kumbe kuna faili la viwango vya watoto wachanga, linalosema dawa ya mtoto mdogo isipite kiasi hiki. Zamani lilikuwa ndani ya programu, kwenye toleo jipya wakaliweka pembeni. Programu ukiifungua ukiwa kwenye folda yake, kama lile dirisha la vitufe, inaliona. Ukiifungua ukiwa folda nyingine, kama kile kidirisha cheusi, hailioni, na wala haisemi kwamba hailioni! Inaendelea tu na viwango vya watu wazima. Ni mpishi aliyezoea kusoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye mlango wa jiko lake. Mpeleke jiko la jirani, mlango mtupu, atatia chumvi kwa kubahatisha.

Nikamuuliza, kule wodini sista anaifungulia wapi? Akasema, "Sijui."

Dada yangu, nimezaa mara nne, nimezika mume, sijawahi kusikia neno baya kama lile sijui.

Simu ya wodi ilikuwa inaita haipokelewi. Tukaenda kwa miguu, nusu tunakimbia, mimi na aproni yangu na ndala za kazini. Njiani mwanao alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, siku tisa, watoto wangapi, siku tisa, watoto wangapi.

Wodini tukamkuta sista wa mchana, mwanamke mnene mwenye sauti nzito. Mwanao akaomba kompyuta, akaandika mtoto wa uongo wa kilo mbili. Ikaja dozi ya mtu mzima.

Sista akasema, "Aa, hiyo. Mimi niliiona tangu siku ya pili. Nikadhani nabonyeza vibaya, nikarudi kwenye karatasi na kalamu yangu."

"Mbona hukutupigia?" mwanao akauliza.

"Nikupigieni mniambie sijui kompyuta? Mlipokuja kutufundisha mlinicheka."

Ni kweli walimcheka, na mimi nilikuwepo namimina chai, nikacheka pia.

Wakafungua daftari la wodi. Watoto wachanga saba katika zile siku tisa. Sita dozi zao zilikuwa kwa mkono wa yule sista. Wa saba alilazwa Jumanne, zamu ya sista mwingine, mgeni, anayeiamini kompyuta. Mtoto wa kiume, hana hata wiki tatu. Alikuwa amewekewa dripu asubuhi ya siku ile tuliyokwenda, Jumatano, na sisi tunafika alikuwa amelala usingizi ambao hata ukimfinya haamki.

Daktari aliitwa, dripu ikatolewa, sisi tukasukumwa nje. Kompyuta ile ikachomolewa palepale. Mwanao alimweleza daktari kila kitu kwenye korido, jina la jaribio, siku tisa, sifuri, hakuficha hata nukta. Mikanda akaja anahema, akamvuta pembeni, akataka aseme ni hitilafu ya mashine. Akajibu, "Mashine ilisema sifuri, bosi. Mimi ndiye sikusoma." Nikajivunia, dada, na papo hapo nikaogopa zaidi.

Alhamisi mtoto hakuamka. Ijumaa akasogeza mguu. Jana akafumbua macho, na leo asubuhi amenyonya, kidogo, kama paka. Daktari anasema moyo na pumzi viko sawa, ila kichwa na masikio, ambavyo dawa ile ikizidi huviharibu, ni vya kungojea, hawezi kutuahidi kitu kabla ya wiki mbili. Wiki mbili! Na mimi dakika mbili zinanishinda.

Mwanao anakwenda kila siku kusimama pale mlangoni. Yule mama wa mtoto ameambiwa tu dawa ilizidi. Hamjui mwanao ni nani. Anadhani ana mgonjwa wake, anamsalimia. Leo akampa mtoto amshike, mwenyewe aende kunawa mikono. Dada, mwanao alimshika kama mtu aliyepewa kaa la moto na hana pa kuliweka. Aliporudi nyumbani akakaa kitandani na viatu, akaniambia, "Mama mdogo, kesho nitamwambia. Asisikie kwa mtu mwingine. Asije akakumbuka kwamba alinipa mtoto wake bila kujua."

Mikanda amekataza. Mimi mwenyewe nilitaka kumkataza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatamani habari isisemwe. Lakini nimenyamaza. Barua hii nampa dereva wa basi la jioni ikufikie usiku huu; mpigie mwanao kesho kabla hajatoka, usimshauri kitu, mwite tu lile jina ulilokuwa unamwita akiwa mdogo.

Nisalimie shemeji, mapacha, Bibi Kidevu na mjomba Fundi Saa, lakini hawa wote usiwasomee barua hii, waambie nimeandika habari za goti. Mungu awalaze salama na kuwaamsha salama, na yule mtoto wa watu mtaje kwenye dua zako kabla yetu sisi.

Nimeuliza saa ya kuona wagonjwa, ni saa nne. Nitakwenda naye, nitasimama nyuma yake, na akimaliza kusema, lolote atakalopigwa nalo, neno au kofi, litupate wote wawili.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo mrefu na pendo refu kuliko mdomo.