Baba, Wamekufanya Watu Wawili

Baba,

Chumba cha watoto wa SS, wagonjwa wa selimundu, kimefunguliwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya Mama. Kina vitanda, mablanketi mazito na jiko la umeme kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita. Mlangoni wameandika "Chumba cha Profesa Félicien". Mkurugenzi wa hospitali anasema Félicien alikuwa Mbelgiji.

Naona umekunja uso. Na mimi nimeukunja hivyo tangu juzi.

Mapadri walikuandikisha shuleni Gaston Félicien, majina mawili ya ubatizo, maana jina la kwenu Mitwaba liliwashinda. Kwa majina hayo ya ubatizo ulisomea udaktari, na kwa hayo ulichapisha makala zako za kwanza juu ya watoto hawa wenye damu ya ugonjwa, ambao baridi ikiingia tu hulia mifupa. Madaktari wa Ulaya wakazinukuu. Kila jarida jipya lilipofika nyumbani Bel-Air ulilifungua kwa nyuma, kwenye marejeo, uone kama umo. Mama alikuwa akikucheka: "Eko natafuta jina yake sawa mutoto wa masomo siku ya palmarès, wakisoma matokeo!" Ukijiona, ulikula vizuri jioni hiyo.

Ikaja amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu. Wenzako walinung'unika, wewe ukafurahi. Ulichukua jina la babu yako mzaa mama, Ngoie Mulunda. Na kwa kuwa kwetu jina ndiye mtu, Nkambo, mama yako mzazi, akaanza kukuita tata, yaani baba, na kukupigia makofi ya heshima kama alivyompigia baba yake. Ulilia siku ile. Makala zote zilizofuata ukaziandika kwa jina hilo peke yake, bila neno la kueleza. Ueleze nini? Mtu amerudi kwao.

Huko Ulaya hawakujua. Kwao Félicien alinyamaza, na Ngoie fulani akazuka Zaïre, asiyenukuliwa na yeyote. Ndipo ulipopeleka ile makala kubwa, ambayo hospitali iliahidi kufungua chumba ikichapishwa. Wahariri wa Ulaya wakairudisha. Daktari Ngoie, walisema, ameiba vipimo na maneno ya Profesa Félicien. Wewe, mwizi wa shamba lako mwenyewe! Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukawajibu, nao wakadai hati ya serikali kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kicheko kikaisha. Ulizikwa hati haijapatikana, na huko bado unaitwa mwizi. 

Baada ya matanga nilikwenda na Mama kwenye ofisi ya serikali kuiomba hati. Karani hakuinua hata macho. "Ile jina haiko tena, maman. Musituletee mambo." Unamjua mke wako. Alipiga meza ya watu: "Beko babili namna gani? Muntu eko moya! Nililala naye, mie njo najua!" Foleni nzima ilicheka. Yeye alilia njia nzima hadi nyumbani.

Basi nikaiandika upya makala yako kwa jina langu, mimi daktari wa watoto katika wodi yako uliyoniachia. Nikawataja wote wawili, Félicien na Ngoie, na chini ya ukurasa nikaongeza kwamba ni mtu mmoja, naye ni baba yangu. Makala imetoka. Ule mstari wameukata, eti si jambo la sayansi.

Hospitali imetimiza ahadi, kwa heshima ya yule Mbelgiji. Nilikwenda kwa mkurugenzi kumwambia ukweli. Alifunga mlango kwanza, akasema polepole: "Docteur, kama eko muzungu, jina inabakia. Kama eko baba yako, muzaïrois mwenye jina ya kizungu, leo leo tunaifuta, na chumba tunafunga mpaka ba parti, bale ba chama, bamalize kuuliza." Nje ya dirisha lake kulikuwa na akina mama wa mtaa wa Kamalondo wamewabeba watoto wao, wanasubiri vitanda. Nikamwambia jina libaki. Nikatoka na hasira yangu, nikaenda kuwapokea.

Najua wewe ungechagua hivyo hivyo. Hainipunguzii kitu. Nakukosa, na nina hasira kwamba nilichobaki nacho cha kukupa ni kunyamaza.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Nakuahidi hivi: hakuna makala nitakayoandika bila kuwanukuu wote wawili, Félicien na Ngoie, katika sentensi moja. Wakiniuliza kwa nini mwizi na mwenye mali nawaweka pamoja, nitajibu. Wasipouliza, nitaandika tena.

Pumzika, tata. Usiku wa jana palikuwa na baridi kali, na watoto wamelala.

Binti yako,
Mujinga