Nilimwacha Mama Mkwe Chini ya Turubai

Bi Sihaba, shikamoo. Kila wiki nasoma majibu unayowapa watu na huwa nacheka peke yangu gereji, nasema hawa nao wamezidi, sasa leo zamu yangu imefika na kicheko kimeniisha. Naomba unisaidie maana kwenye nyumba yangu mwenyewe naingia kwa kunyata.

Mimi ni fundi magari, naishi Mkuyuni na mke wangu Teodora na mtoto wetu Mayala. Mwaka jana nilinunua gari kuukuu kwa mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka nalo nchi kwa nchi, ni gari la kulala, lina kitanda, lina jiko dogo, na ubavuni lina turubai lililoviringishwa, ukizungusha hendeli linatoka taratibu mpaka linakuwa kivuli kizuri, halafu unalisimamisha kwa miguu miwili ya chuma. Yule mzungu alinieleza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha kwamba likishatoka lifungwe kamba kwenye vigingi pande zote mbili, na upepo ukianza likunjwe hapohapo. Nikamwambia aondoe shaka, mimi ni fundi.

Basi mwezi uliopita tukaenda makambi ya kanisa, yale ya kila mwaka ambapo waumini tunahamia kwenye mahema wiki nzima, safari hii ilikuwa kando ya ziwa upande wa Misungwi, na wenzetu wote wakiwa kwenye mahema ya kawaida sisi tulikuwa na gari letu, na sitakuficha Bi Sihaba, nilijisikia. Nikaliegesha ubavu wenye turubai ukitazama ziwa ili wanaokwenda kuchota maji walione vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa hukohuko Misungwi, akaja kuungana nasi, ana mguu unaomsumbua, na Teodora akamtandikia godoro chini ya turubai, pembeni kabisa, palepale nilipotakiwa kuchomeka kigingi cha kamba.

Sasa sijui kama unatujua sisi Wasukuma, na mama mkwe wangu ni wa kizamani hasa. Mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mkewe, namsalimia nimechuchumaa mbali nikiangalia pembeni, sili naye, simpi mkono, na pale alipolala sikanyagi. Nitamwambiaje asogeze godoro? Nikasema nitamtuma Teodora, Teodora akaenda mazoezi ya kwaya, nikasahau, hapana, niseme ukweli kwa kuwa ndiyo sababu ya kukuandikia, sikusahau, niliona haya kusumbua watu kwa ajili ya kamba. Turubai likabaki limesimama kwa miguu yake mitupu.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana mama alilala pale chini na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo niliyoifudikiza, mbali kidogo, nikimwona. Ziwa likaanza kubadilika rangi, mahema ya wenzetu yakaanza kupigapiga, turubai likawa linavimba na kushuka, linavimba na kushuka, na miguu yake inacheza. Nilijua la kufanya, nakuapia nilijua, lakini hendeli inachomekwa juu ya pale alipoweka kichwa, na yeye amelala na khanga imelegea, nikaona nikisimama pale nitakuwa nimemvunjia heshima mama wa mke wangu mbele ya kanisa zima. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu, hakuamka. Nikamwita Justa, jirani yetu wa hema la pili aliyekuwa anakaanga samaki, nikamwomba aniamshie mama. Akaniuliza si niko karibu mimi, kisha akakumbuka, akacheka, akaipua kikaango, akaanza kufuta mikono.

Alipokuwa anafuta mikono ndipo upepo ulipoingia chini ya turubai ukaling'oa lote, likapinduka juu ya paa la gari, na mguu mmoja wa chuma ukachomoka ukamwangukia mama begani. Alifungua macho, tukatazamana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimwoe binti yake.

Na hata hapo sikwenda, Bi Sihaba. Khanga ilikuwa imepeperuka, nikageuka nikampa mgongo, nimesimama tu, mama wa watu analia nyuma yangu. Aliyemwinua ni Jonathan, mwalimu wa kwaya, aliyekuja mbio kutoka kule mbali walikokuwa wanaimba. Teodora akafika anahema, akaniuliza nilikuwa wapi, na mdomo wangu ukasema nilikuwa nimeshuka ziwani kuchota maji. Justa akanitazama, akainama, akarudi kwenye samaki wake. Nikajua nimekwisha. Lakini mama, akiwa ameshikilia bega na machozi yanamtoka, akamwambia binti yake:

“Ni kweli, baba Mayala alikuwa ziwani. Nilimwona akishuka na ndoo.”

Na ndoo yenyewe ilikuwa kavu, bado imefudikizwa pale nilipokuwa nimeikalia.

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika. Sasa yuko nyumbani kwangu, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na mimi natoka asubuhi kabla hajaketi sebuleni na kurudi akishaingia chumbani. Teodora anawasifia shangazi zake kwa simu kwamba mumewe ana heshima kwa wakwe, nami nasikia nikiwa nje na viatu mkononi. Nikisema ukweli nitakuwa nimemfanya mama aonekane mwongo mbele ya mwanawe. Nikinyamaza naona nitakuja kushindwa hata kumtazama mke wangu. Turubai lenyewe limechanika, bado liko juu ya gari, nafikiria nilikate nilitupe nisilione tena. Nifanye nini?

Mkwe, Mkuyuni

*

Marahaba, mkwe wa watu. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakuonea huruma, na nitakujibu kwa zote mbili.

Unaniuliza kama nawajua Wasukuma. Nimezaliwa hapahapa Mwanza, na binti yangu ameolewa na Msukuma ambaye mpaka leo akiniona barabarani anashuka kwenye mtaro kunipisha. Naipenda heshima hiyo. Lakini sijawahi kumsikia mzee yeyote akisema kwamba nyumba ikishika moto mkwe asimame nje akohoe. Mila hiyo iliwekwa ili mama wa mkeo asidhalilike. Wewe umeishika kwa nguvu mpaka mama mwenyewe akavunjika. Na usinidanganye kwamba ilikuwa mila peke yake. Uliogopa watu watakuonaje, kama ulivyogeuza gari kuelekea ziwani watu wakuone, na kama ulivyosema uko ziwani watu wasikuone. Woga ni uleule.

Uliposimama umempa mgongo ulijiambia unamsitiri. Yeye, akiwa na mfupa uliovunjika, ndiye aliyekusitiri wewe. Alikuona umesimama, akakupa ndoo na njia ya kwenda ziwani. Unadhani anafurahi kukaa na maneno hayo nyumbani kwako, huku bintiye akikusifia? Mama huyo ana maumivu ya bega, na umemwongezea kazi ya kukulinda.

Kwa hiyo leo, siyo Jumapili, mwambie Teodora. Mwambie ulikuwa umekaa, uliona, hukwenda, kisha ukadanganya. Mama usimseme kwa lolote, sema tu alikuhurumia, Teodora anamjua mama yake kuliko mimi na wewe. Atakasirika. Mwache akasirike, wala usimkumbushe mila. Akishatulia kidogo nendeni wote wawili mlangoni kwa mama, uchuchumae kama kawaida yako, uangalie pembeni kama kawaida yako, useme kwa sauti inayosikika: “Mama, sikuwa ziwani. Nisamehe.” Usiongeze hapo. Wazee wa upande wake wakitaka uje na chochote cha kumfuta machozi, njoo nacho bila kununa. Kisha umtafute Jonathan umshukuru, na Justa umwombe radhi, maana naye ulimfunga mdomo bila kumuuliza.

Ama turubai, ukilitupa nitakudharau. Halina kosa. Kitambaa kipana namna ile kikishika upepo wa ziwa hakizuiliki kwa miguu miwili, na wewe ni fundi, ulijua. Peleka likashonwe. Siku nyingine ukienda ziwani, gari ndilo likinge upepo na turubai liwe upande wa pili, hata kama wachota maji hawatakusifu. Kamba zifungwe kabla mtu hajatandika godoro, vigingi virefu vichomekwe kwa mshazari, na penye mchanga ufukie mifuko iliyojaa mchanga uzifungie hapo. Pembe moja ishuke kidogo kuliko nyingine, mvua isituame juu. Mkiondoka au mkilala, likunjwe, hata kama hewa imetulia. Na hendeli hiyo wafundishe wote, Teodora na mama mkwe mwenyewe, mkono wake ukipona, ili siku nyingine asingoje mwanaume apate ujasiri.

Likirudi kutoka kwa mshonaji, lifungue uani kwako na kamba zake zote, Teodora amwekee mama kiti chini yake, na wewe ukae nje, mbali, kama desturi yenu inavyotaka. Atakuwa salama pale. Lakini upepo ukianza, baba Mayala, usikohoe. Ingia.

Bi Sihaba