Popi Asivute Kamba

Baba Vumilia, na wewe Vumilia,

Ugali na mlenda nimeufunika jikoni. Nimekwenda zahanati kufungwa mkono. Msihangaike kunipigia simu, sijavunjika.

Asubuhi nilikuwa naenda kisimani na Popi. Alipoona mbuzi wa Mama Agapiti akachomoka, nami kamba nimeizungusha mkononi, akaniburuta mpaka kwenye miiba. Mama Agapiti akaja kuniinua. "Pole, mayu, pole mama," akasema. "Naona mbwa ndiye anayekutembeza."

~~Kesho apelekwe Tinde kwa mjomba, akalinde ng'ombe.~~ Hapana, abaki. Maana nikiwa bado chini pale nilisema "kaa", kwa sauti ndogo tu, naye akawaacha mbuzi, akarudi, akakaa kando yangu. Mafunzo yake hajayasahau. Sisi ndio tumemchanganya: mimi nasema kaa, Vumilia anasema keti, na Baba Vumilia hasemi neno, anamrushia mfupa.

Basi tuanze upya. Neno ni "kaa", kwa sisi sote. Akivuta kamba, simama kimya. Ikilegea, endelea kutembea. Mtu asiizungushe mkononi. Na cha mezani asipewe, Baba Vumilia, hata akikutazama vile anavyojua kukutazama.

Jioni mtembezeni ninyi wawili, mimi nitalala. Nimechoka kuwa peke yangu ninayesema hapana katika nyumba hii.

Mama